Pangani baada ya kivuko

Anayetoka Tanga kwenda Mkwaja au Saadani kwa njia ya pwani amezoea kusimama Pangani, apende asipende. Mto uko mbele yake, Bweni iko ng'ambo, na pantoni mara nyingi huwa upande ule mwingine. Kusubiri huko kunalisha watu. Mama lishe, muuza madafu, kijana wa bodaboda na mwenye meza ya samaki wa kukaanga, wote wanaishi kwa nusu saa ya msafiri ambaye angependa awe ameshavuka.

Nusu saa hiyo inakwenda kwisha. Daraja la mita 525 limepangwa kuvuka mto huo, likiwa sehemu ya barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo inayojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sijamsikia mtu mwenye akili timamu akililaumu daraja, na mimi sitalilaumu. Mgonjwa aliyewahi kufika gatini usiku wa manane anajua thamani yake kuliko mwandishi yeyote. Lakini gari lisilosubiri halinunui dafu. Hapo ndipo linapoibuka jibu linalopendwa siku hizi katika kila mji wenye magofu: utalii wa historia. Tukarabati nyumba za kale za ukingoni, tuweke taa na vibao, wageni watakuja.

Jibu hilo si baya. Tatizo ni kwamba linaanzia kwenye rangi ya ukuta, wakati maswali magumu yako kwenye hati ya nyumba na kwenye hadithi itakayosimuliwa.

Nianze na nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. La baadaye hulindwa likitangazwa rasmi. Nyumba nyingi zinazompendeza mpiga picha pale Pangani ni za enzi ya sukari na ya Wajerumani, yaani za baada ya mstari huo. Upande mwingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Ukizisoma pamoja unapata jambo la ajabu kidogo: sheria moja inazuia jipya kujengwa, nyingine haizuii la zamani kuanguka. Mwekezaji anayetaka kulaza wageni karibu na maji, kama anafuata sheria, hana njia nyepesi kuliko kuitafuta nyumba kongwe iliyokwisha kusimama hapo. Kwa hiyo thamani ya magofu itapanda, na itapanda kabla wenyeji hawajatambua.

Tena nyumba hizo ni za nani? Kama ilivyo katika miji mingi ya pwani yetu, nyumba ya ghorofa ya babu ina warithi waliotawanyika, wengine hawajuani. Hakuna anayethubutu kuitengeneza kwa fedha zake kwa ajili ya wenzake. Mvua inaingia, boriti za mikoko zinaoza, mbegu ya mti inaota kwenye ufa. Mpangaji mwenye nia njema anaziba ufa kwa saruji, na hapo anauharibu ukuta zaidi. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Ukizifunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache lipu inabanduka pamoja na kipande cha ukuta wenyewe. Fundi anayejua kuchoma na kuroweka chokaa ni wa thamani kuliko mchoraji wa ramani ya utalii, na mafundi hao wanazeeka.

Hadithi nayo. Mgeni akifika Pangani husimuliwa kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai ndani ya nguzo za Boma ili jengo liwe imara. Ni kisa kinachosisimua, na kinarudiwa hata katika vitabu vya wasafiri. Mimi sijaona ushahidi wake. Wakati huohuo, jambo lenye ushahidi wa kutosha halina hata kibao. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 bonde la chini la mto huu lilikuwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, likitoa sukari na asali ya miwa iliyosafirishwa nje. Watumwa hao hawakukaa kimya. Wengine walitoroka na kuanzisha makazi yao mbali na mashamba. Ukatili uliofanyika mchana kweupe, shambani, kwa ajili ya faida, unatisha kuliko nguzo yoyote.

Ukimtaja Abushiri bin Salim katikati ya hayo, mambo yanakuwa mazito. Mwaka 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipoleta jeuri yake mjini, Pangani ndiyo iliyowaka kwanza, na Abushiri akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani. Wajerumani walimnyonga hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Ni shujaa, na anastahili mahali pake. Alikuwa pia mwenye shamba la miwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu vita hivyo, ameonyesha kwamba walioinuka hawakuwa na lengo moja: matajiri walitetea biashara yao, na watu wa chini walikuwa na madai yao, mengine dhidi ya matajiri haohao. Kibao cha sentensi mbili chenye neno "shujaa" kitawatosha wapiga picha. Mwanafunzi wa Pangani anastahili kuambiwa yote mawili.

Na kuna mkonge. Mwaka 1893 miche iliyosalia katika safari kutoka Florida kupitia Hamburg, 62 tu kwa masimulizi yanayokubalika, ilipandwa Kikogwe, kusini kidogo ya mto. Kutoka hapo ukaja mkonge ulioifanya Tanganyika ijulikane duniani, ukaleta manamba kutoka kila pembe. Ajabu, hakuna anayeuza habari hii kwa watalii.

Wanaotaka mfano wa karibu hutaja Forodhani ya Unguja, iliyokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya 2009. Kilichoiokoa bustani ile, kwa maoni yangu, ni kwamba wauza pweza na mishikaki walirudishwa na wenyeji wakaendelea kukaa pale jioni na watoto wao. Lamu inafundisha upande wa pili. Mji ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 umehifadhiwa vizuri, lakini nyumba nyingi nzuri, hasa katika kijiji jirani cha Shela, zimeingia mikononi mwa wageni, na bei zimekwenda nazo.

Mto wenyewe pia hautasubiri mipango. Maji mengi yanatumika huko juu, mashambani na kwenye mabwawa, na chumvi ya bahari imekuwa ikipanda ndani ya mto, ukingo unaliwa. Mradi wa utalii usioweka fungu la kulinda kingo ni mradi wa kupaka rangi kitu kinachozama.

Halmashauri ya Pangani ina nafasi fupi ya kufanya mambo yasiyopigwa picha: kuorodhesha kila nyumba ya ukingoni na warithi wake, kuiomba wizara inayosimamia mambo ya kale iutangaze ukanda mzima badala ya jengo mojamoja, na kuwahimiza warithi wapangishe kwa muda badala ya kuuza. La haraka zaidi ni gati. Pantoni likiondolewa, kiwanja cha kuvukia kitabaki wazi katikati kabisa ya mji, mali ya umma, chenye mandhari ambayo hoteli yoyote ingeililia. Kitengwe sasa, kwa maandishi, kiwe soko la samaki na kituo cha mashua za kwenda kisiwa cha Maziwe, na waliokuwa wakiuza kwenye foleni wapewe meza za kwanza.