Mkizima intaneti mmetukata simu

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kuna simu kongwe iliyotundikwa na kibao cha kumwambia mpita njia apige nchi za nje bure. Wageni wanaipiga picha, sisi wenye kahawa yetu tunacheka, maana simu ile haina waya. Lakini mzaha umekuwa kweli. Leo kila kijana wa maskani ana mfukoni simu inayopiga London au Toronto kwa bando.

Je, ni simu ya kutegemewa? Tunajibu: ndiyo, na asije mtu kutwambia kuwa visiwa hivi haviwezi. Sauti ni mzigo mwepesi. Ukizungumza, simu inaikata sauti yako vipande, kama 50 kila sekunde, na upande wa pili vinaungwa upya. Mazungumzo ya dakika moja, kusema na kusikia, yanakula kama nusu megabaiti hadi megabaiti moja. Gigabaiti moja inakupa zaidi ya saa 16. Dakika ya kawaida ya nje inameza vocha ya kabwela kabla salamu hazijaisha.

Kinachoharibu ni vipande kuchelewa au kupotea njiani. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti ifike ndani ya milisekunde 150. Ikizidi sana, mnabaki "haloo, haloo" na kukatizana. Ndiyo maana ndani ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zenye kuta nene, unapanda darini au unatoka Forodhani ndipo usikike. Na huko shamba simu ikishuka hadi 2G, maandishi yanapita, maneno hayapiti. Haya ni maradhi ya fundi: ongezeni minara, yatapona. Hata Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima, mafundi waliziunga.

Maradhi yasiyo na fundi ni mkono wa mkubwa kwenye swichi.

Oktoba 2020, kuelekea siku ya kura, WhatsApp na Twitter zilibanwa. Oktoba 2023, TCRA ikawataka wanaotumia VPN wajitambulishe. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Hapo hakuna waya uliokatika baharini.

Mwandishi wa maoni haya ana dada yake Muscat. Siku zile alikuwa akiiona nchi yake kwenye televisheni za nje, asijue mama yuko katika hali gani. Alipotupata kwa simu ya kawaida, pesa zilimwishia mama akiwa bado anamuulizia wajukuu. Dada hakupiga tena hadi intaneti iliporudi. Kuna uchochezi gani katika mama kuulizia wajukuu?

Wakubwa watasema ni usalama. Sisi tunasema mhalifu mmoja hakamatwi kwa kuwaziba midomo mamilioni. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataja uhuru wa kufanya mawasiliano na wa kutoingiliwa katika mawasiliano hayo. Haikusema "isipokuwa wiki ya uchaguzi".

Zamani, aliyezima intaneti alizima barua pepe za maofisini. Leo anazima simu ya mtu wa Darajani anayeagiza mzigo Dubai, ya kijana wa Nungwi anayezungumza na mgeni wake wa hoteli, na ya mama wa Ng'ambo. Kwa hiyo tunataka jambo moja: asizime mtu bila amri ya mahakama iliyotangazwa hadharani, yenye sababu na yenye mwisho.

Nanyi vijana, pigeni kwa bando, ni haki yenu na ni nafuu. Ila wekeni vocha kidogo ya simu ya kawaida, maana tumeshaona.

Simu ya Jaws Corner haina waya na kila mtu anajua ni mzaha. Za mifukoni mwetu tumezinunua kwa jasho. Tusikubali zigeuzwe mzaha kila baada ya miaka mitano.