Waliopenya katika diplomasia wawape wasichana kiti, si nasaha pekee

KWA karibu miaka kumi mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2022, wizara ya Mashauri ya Kigeni nchini Kenya iliongozwa na wanawake watatu waliopokezana usukani. Alianza Bi Amina Mohamed, akafuatwa na Dkt Monica Juma mwaka 2018, kisha Bi Raychelle Omamo mwaka 2020. Si nchi nyingi, hata miongoni mwa zile zinazojigamba kwa usawa wa kijinsia, zinazoweza kutaja rekodi kama hiyo.

Hata hivyo, fahari ya vigogo hao watatu haijibu swali linalowakera wasichana wengi wanaohitimu vyuoni wakiwa na shahada za uhusiano wa kimataifa: je, mtu huingiaje huko? Mwanamke aliye kileleni ni picha nzuri ukutani, lakini picha haimwonyeshi anayeitazama ngazi iko wapi.

Ifahamike kwamba tatizo si uhaba wa vyeti. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafunza wanadiplomasia tangu miaka ya 1970, na vyuo vingine vingi, vya umma na vya kibinafsi, vimefuata mkondo huo. Mhitimu hutoka akiwa anajua historia ya Vita Baridi, nadharia za dola na vifungu vya Mkataba wa Vienna kuhusu kinga za mabalozi. Asichojua ni namna ombi la kazi linavyosomwa Gigiri, mtaani kuliko makao ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, au Addis Ababa yaliko makao ya Muungano wa Afrika.

Mathalan, katika usaili wa Umoja wa Mataifa mtu haulizwi anaamini nini kuhusu ushirikiano kazini. Huulizwa asimulie siku moja mahsusi ambapo alikabiliana na mgogoro na wenzake, alichofanya, na matokeo yake. Mgeni hujibu kwa nadharia, na jina lake linaishia hapo. Vivyo hivyo, kuna mtihani wa kuwaajiri vijana wasiozidi umri wa miaka 32, lakini huwa wazi tu kwa raia wa nchi ambazo uwakilishi wake ni mdogo, na orodha hiyo hubadilika kila mwaka. Kuna pia nafasi za maafisa chipukizi ambao mishahara yao hulipwa na serikali za nchi tajiri, nyingi zikiwafadhili raia wao wenyewe. Muungano wa Afrika nao una mpango wa vijana wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 2010, unaowapeleka kazini kwa mwaka mmoja. Anayeyafahamu haya mapema huokoa miaka mitatu au minne ya kutuma maombi yasiyojibiwa. Asiyeyafahamu hudhani amerogwa.

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika taaluma hii ulimwengu wenyewe ndio afisi, na ada yake ya mafunzo ni ghali.

Jamii za Pwani zilifahamu zamani kwamba kuna elimu isiyoandikwa. Mwari hakuachwa aingie katika maisha ya ndoa akiwa na mapambo pekee. Alikuwa na kungwi, mwanamke mzima aliyemfunza yale yasiyosemwa hadharani. Wanaume wa diplomasia nao walikuwa na makungwi wao, ingawa hawakuwaita hivyo. Walikutana katika viwanja vya gofu, katika vilabu vya jioni na katika vyama vya waliosoma shule moja. Huko ndiko kijana alikoambiwa nafasi ipi inakuja, balozi yupi anatafuta msaidizi, na kosa gani halisameheki.

Wanawake hawakuwa na baraza kama hilo, kwa sababu hawakuwa huko. Nchini Uingereza na Marekani, mataifa ambayo mengi yameiga taratibu zao za kibalozi, afisa wa kike aliyeolewa alilazimika kuacha kazi hadi mapema miaka ya 1970. Hata baada ya kanuni hiyo kufutwa, mazoea yalibaki. Mke wa balozi humfuata mumewe ng'ambo na hakuna anayeuliza. Mume wa balozi huulizwa na ndugu, marafiki na majirani atafanya kazi gani huko. Afisa wa kike hujiuliza akatae uhamisho hadi mtoto aanze shule, au aende naye, na iwapo kukataa mara moja kutamfutia jina katika orodha. Jibu la swali hilo haliko katika kitabu chochote cha kanuni. Liko kwa mwanamke aliyewahi kulikabili.

Liko pia suala nyeti la unyanyasaji wa kimapenzi. Uchunguzi uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa 2019 ulionyesha kuwa mmoja kati ya kila wafanyakazi watatu waliojibu alikuwa amekumbana nao katika muda wa miaka miwili iliyotangulia. Ni kweli waliojibu walikuwa asilimia 17 pekee ya walioulizwa, lakini uchache huo wenyewe unaweza kuwa ushahidi wa hofu. Msichana aliye katika kikao cha kwanza ugenini anahitaji mtu wa kumweleza ni mwaliko upi wa chakula cha jioni ni kazi na upi si kazi, na alalamike wapi mambo yakiharibika.

Kenya ina urithi mkubwa wa wanawake waliofungua njia. Margaret Kenyatta, baada ya kuwa Meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976, aliiwakilisha nchi katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kwa miaka kumi. Mwaka 1985 ndiye aliyekuwa rais wa mkutano wa kimataifa wa wanawake uliofanyika katika jumba la KICC. Kando ya mkutano huo rasmi, kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali lilivuta zaidi ya watu 10,000 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kamati ya Wakenya walioliandaa iliongozwa na Dkt Eddah Gachukia. Kwa mamia ya wanawake wa humu nchini, majuma yale mawili yalikuwa shule. Walijifunza namna ya kuandika azimio, kubishania neno moja usiku kucha, na kumkabili mjumbe asiyetaka kusikia. Miaka kumi baadaye, mkutano wa Beijing ulipoandaliwa, katibu wake mkuu alikuwa mwanamke wa Afrika Mashariki, Bi Gertrude Mongella wa Tanzania. Naye Dkt Asha-Rose Migiro, Mtanzania mwenzake, akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012.

Shule nyingine haikuwa na jumba wala vipaza sauti. Mapema miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana Wajir, wanawake walianzia sokoni kuhakikisha kila mmoja anauza na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Kutoka soko hilo, alifika katika majukwaa ya upatanishi ya mataifa mengi akiwafunza wengine, na mwaka 2007 akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa katika kundi dogo la raia waliokutana Nairobi kusaka amani. Alifariki mwaka 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Wengi wanaofanya kazi ya upatanishi katika kanda hii walifunzwa naye au na waliofunzwa naye. Huo ni ulezi uliozaa, tena haukungoja bajeti ya wizara.

Katika mazungumzo yenyewe ya 2008 yaliyoongozwa na Kofi Annan, akisaidiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel, wajumbe wanane wa pande mbili walijumuisha wanawake wawili: Bi Martha Karua kwa upande wa PNU na Dkt Sally Kosgei kwa upande wa ODM. Wawili kati ya wanane si haba kwa meza za aina hiyo. Lakini hawakuokotwa njiani. Dkt Kosgei alikuwa ameshakuwa Balozi jijini London na Mkuu wa Utumishi wa Umma.

Hapa ndipo hoja yenyewe ilipo. Katika kumbi za majadiliano, kiongozi wa ujumbe huketi mbele ya kibao cha jina la nchi yake. Nyuma yake kuna viti vya wasaidizi, wanaoandika kumbukumbu, wanaotafuta nakala ya azimio la mwaka uliopita na wanaotumwa kumnong'oneza mjumbe wa nchi jirani. Diplomasia hufunzwa katika kiti hicho cha nyuma. Kabla ya Bi Mohamed kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani mwaka 2005, na kabla ya kuongoza mkutano wa mawaziri wa shirika hilo Nairobi Desemba 2015, alikuwa amehudumu Geneva kama afisa wa ngazi ya chini.

Kwa hivyo, mwanamke aliyefika juu anayetaka kuwasaidia wanaochipuka hawezi kukomea kwenye hotuba za Machi 8 na picha za pamoja. Nasaha hazigharimu chochote. Kiti cha nyuma kina gharama: tiketi ya ndege, posho ya siku, na jina moja la afisa mzoefu kuondolewa katika orodha ya msafara. Ni nani anayeamua msafara utakuwa na akina nani? Mara nyingi ni yeye yule anayehutubia wasichana kuhusu ujasiri.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Ulezi ukiachiwa hiari, mlezi humchagua anayefanana naye. Atamwona binti wa mwenzake wa zamani, au aliyesoma shule yake, au anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi yake. Msichana wa Lodwar au Mandera hatakutana na balozi katika mkahawa wa Westlands. Ulezi wa namna hiyo ni udugu uliovishwa kanga, na haupishani sana na ule wa wanaume wa gofu. Isitoshe, katika nchi ambapo wanasiasa waliobwagwa uchaguzini wamezoea kutulizwa kwa vyeo vya ubalozi, afisa wa kike aliyelelewa vyema kwa miaka 20 anaweza kumpata bosi asiyejua kibao cha nchi huwekwa upande gani. Katiba inataka mabalozi waidhinishwe na Bunge la Taifa. Wabunge wangefaa kuuliza idadi ya maafisa wa taaluma walioachwa nyuma kila orodha inapowasilishwa.

Dawa, basi, ni kuutoa ulezi katika hisani na kuuweka katika kanuni. Sheria ya Utumishi wa Kigeni ya 2021 iliipa nchi msingi wa kisheria wa chuo chake cha wanadiplomasia. Hakuna kinachozuia kuamuru kwamba kila ujumbe unaokwenda ng'ambo uwe na afisa mmoja wa miaka ya mwanzo, kwa zamu inayojulikana, na kwamba kuwalea wadogo kuhesabiwe anapopimwa balozi. Muungano wa Afrika uliunda mtandao wa wanawake wapatanishi, FemWise, mwaka 2017, ukiwa na orodha ya wazoefu wa kutumwa penye mizozo. Orodha ya wazoefu pekee huzeeka pamoja na waliomo. Kila anayetumwa na aandamane na mwenzake mchanga.

Suala la pesa nalo halikwepeki. Kwa miaka mingi Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa imewapokea vijana wa mafunzo ya kazi bila kuwalipa. Mwaka 2015 kijana kutoka New Zealand aligonga vichwa vya habari alipokuwa akilala kwenye hema Geneva kwa kukosa kodi. Binti wa Kayole anayepanda matatu mbili kwenda Gigiri kwa miezi sita bila malipo hahitaji kuambiwa ajiamini. Anahitaji nauli.

Yote haya yamepata uzito mpya. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulipendekeza kupunguza bajeti yake ya 2026 kwa takriban asilimia 15 na kufuta nafasi zipatazo 2,700, huku shirika la misaada la Marekani, USAID, likifungwa Julai mwaka huo huo. Wazoefu waliopoteza ajira sasa wanagombea kazi na wasio na uzoefu wowote, na si vigumu kubashiri nani atashinda. Wakati huo huo, mashirika ya UNICEF, UNFPA na UN Women yalitangaza mipango ya kuhamishia Nairobi sehemu ya shughuli zake kutoka New York. Madawati hayo yakifika yatakuja na wenyewe, na wenyewe watahitaji wasaidizi wanaolijua jiji, wanaojua Kiswahili na Kifaransa, na wanaoweza kuandika ripoti ya kurasa mbili kufikia asubuhi. Wanawake wa Kenya walio tayari ndani ya lango la Gigiri wanajua ni nafasi zipi, na zitatangazwa lini.