Madaftari Mawili, Somo Moja

Kila mwaka wanachuo wa ualimu nchini Kenya huondoka vyuoni mwao na kupelekwa mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Huko kila mmoja hukabidhiwa kwa mwalimu mlezi, yaani mwenye darasa, ili afundishe chini ya macho yake. Mwanachuo hufika na madaftari yake tayari: azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi. Hudhani kwamba atakayoyakuta shuleni ni yale yale aliyoyaacha chuoni. Mara nyingi sivyo.

Na uchukuliwe mfano wa mwanachuo aliyepewa gredi ya 3. Andalio lake la somo la hesabu lilijaa kurasa nne: matokeo yanayotarajiwa, swali dadisi, nyenzo, hatua za somo pamoja na dakika zake, hitimisho na tathmini. Mwalimu mlezi, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo, alikuwa na kijidaftari cha mfukoni, na somo lile lile kwake lilikuwa maneno machache tu: "52 toa 27. Watageuza. Vijiti kwanza." Mwanachuo alipokiona kijidaftari hicho alisikitika moyoni, akidhani amepewa mlezi mvivu. Mwalimu naye alipozipitia zile kurasa nne alitabasamu, akasema mambo ya chuo ni ya chuo. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe neno.

Mwanachuo alifundisha dakika zake 30 bila kuruka hata hatua moja. Alipokusanya madaftari ya watoto, aliona wengi wameandika 35. Walipoona kwamba 2 haitoshi kutolewa 7, waligeuza, wakatoa 2 katika 7. Kumbe ndilo lile neno "watageuza"! Mwalimu alilijua kosa hilo kabla halijatokea, kwa kuwa alikuwa ameliona kwa watoto wengi waliotangulia. Lakini elimu hiyo ilikuwa kichwani mwake, wala mgeni hakuweza kuisoma humo.

Kesho yake mwalimu alishika somo mwenyewe. Alifunga vijiti mafungu ya kumi kumi, akaweka mafungu matano na vijiti viwili. Akafungua fungu moja, vijiti viwili vikawa 12. Akatoa saba, vikabaki vitano. Katika mafungu manne yaliyosalia akatoa mawili, yakabaki mawili. Jawabu likawa 25, na darasa zima likaitikia kwa furaha. Hata hivyo, kabla ya kengele mwanachuo aliomba dakika tano alizokuwa ameziandika katika andalio lake, ili kila mtoto afanye hesabu moja peke yake bila kumtazama jirani. Ikaonekana kwamba baadhi ya walioitikia kwa sauti kubwa hawakuwa wameelewa kitu. Basi mwalimu mkongwe naye akajifunza jambo kutoka katika zile kurasa nne.

Yafaa ikumbukwe kwamba namna ya kuandika andalio la somo haikushuka kutoka mbinguni. Katika karne ya 19 wafuasi wa Herbart, mwanafalsafa wa Ujerumani, waliligawa somo katika hatua tano, na mtindo huo ukaenea katika vyuo vya ualimu vya nchi nyingi. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake, Wamarekani, walitoa kitabu kilichopanga shabaha za elimu kwa ngazi, na walimu wengi wakazoea kuanza andalio kwa maneno "kufikia mwisho wa somo, mtoto aweze." Nchini Kenya mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulifuata njia ya shabaha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019, ulileta majina mapya na nafasi mpya za kujaza. Kwa hiyo mwalimu mlezi na mwanachuo huenda wakawa wamefunzwa katika zama mbili, na kila mmoja akayaona ya mwenziwe kuwa kasoro.

Methali yasema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mwanachuo na aitii, lakini akumbuke kwamba methali yasema fumba, haisemi ng'oa. Andalio la chuo na aliandike kamili, kwa sababu mkaguzi wake atalitaka. Kisha atoe humo muhtasari wa nusu ukurasa, kwa mtindo wa mlezi wake, auchukue mkononi darasani. Andalio na amwonyeshe mlezi siku mbili kabla ya somo, si asubuhi ile ile mlangoni, tena aulize swali moja: "Mwalimu, watoto hawa watakosea wapi?" Swali hilo halimvunjii mzee heshima, bali humfungua kinywa. Akihamishiwa darasa jingine na kukuta mlezi anayepanga kazi ya juma zima kwa pamoja, na afuate vivyo hivyo. Yako mambo mawili tu asiyoyaacha kwa mlezi yeyote: kujua mtoto atakuwa anaweza nini somo likiisha, na kujua litakavyothibitishwa.

Mwalimu mlezi naye ana deni. Asidhani kwamba kuandika kwake kwa ufupi ni somo tosha kwa mgeni. Mkulima wa siku nyingi hupanda kwa mstari ulionyooka bila kamba, lakini anapomfundisha mwanawe huifunga kamba shambani. Mlezi akieleza kwa nini aliandika "vijiti kwanza," huwa amempa kijana urithi ambao hakuna chuo kiwezacho kuutoa. Akimwambia tu aache mambo ya chuo, amemnyima urithi huo na kumvunja moyo pia.

Mzazi aliye shambani au ofisini aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya walimu. Lakini mtoto aliyeandika 35 ni wake, na kesho mtoto huyo atapimiwa maziwa au kuhesabiwa fedha dukani. Walimu wawili wanaposhindana kwa madaftari, mtoto huyo ndiye anayepoteza siku. Wanapoketi pamoja jioni, madaftari yote mawili yakiwa wazi mezani, ndiye anayepata walimu wawili katika somo moja.