Kibaya Chajitembeza

Kuna neno linalouzwa Marekani asubuhi na jioni: pesa imfuate mtoto. Serikali ichukue fungu ambalo lingemsomesha mtoto katika shule ya umma, impe mzazi vocha, naye aipeleke kwenye shule binafsi anayoitaka. Shule zigombanie wanafunzi kama wachuuzi wanavyogombania wateja; nzuri itajaa, mbovu itafunga banda. Ukitia shaka, unaulizwa kwa nini unamnyima maskini uchaguzi ambao tajiri amekuwa nao siku zote.

Ni hoja tamu. Mchumi Milton Friedman aliiandika mwaka 1955, ikalala miaka mingi, na sasa imeshika majimbo. Arizona ilifungua mlango kwa kila mtoto mwaka 2022, Florida ikafuata 2023, na mwaka 2025 Texas ikapitisha mpango wa dola bilioni 1. Lakini hoja yenyewe imesimama juu ya jambo lisilo la kweli. Mzazi mwenye vocha hachagui shule. Anaomba nafasi. Shule ndiyo inayochagua.

Tuseme yuko mama Tucson, Arizona, aliyetoka Bukavu, mmoja wa wakimbizi wa Kikongo waliopewa makazi huko. Anafunga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Fungu la mtoto wa kawaida katika jimbo hilo ni kama dola 7,000 kwa mwaka. Shule aliyoitamani, yenye maabara na uwanja wa nyasi, inatoza 12,000. Hizo 5,000 atazitoa wapi? Haya, tuseme waumini wenzake wamemchangia. Kuna mtihani wa kuingia, kuna usaili, na mwanawe bado anaongea Kiingereza cha kutafuta maneno. Haya, amepita. Basi la njano lililokuwa likimchukua pembeni ya nyumba halimhusu tena. Shule iko ng'ambo ya mji na mama hana gari. Na kama mtoto ni mlemavu, fungu ni kubwa zaidi, ila kulipokea kunamtaka mama asaini kwamba wilaya ya shule za umma haina tena wajibu wa kumsomesha.

Jirani mwenye magari mawili, ambaye watoto wake tayari wako shule binafsi, hana safari hiyo. Anajaza fomu, pesa zinaingia. Arizona ilipofungua mlango, takriban robo tatu ya waombaji wa mwanzo walikuwa watoto ambao hata hawakuwa wakisoma katika shule za umma. Pesa hazikumtoa mtoto yeyote kati yao kwenye shule mbovu. Zilimkuta alipo.

Mashabiki wa vocha wana kipande cha historia wanachokiruka. Mwaka 1951, katika mji wa Farmville, Virginia, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliongoza mgomo wa wanafunzi Weusi waliosomea kwenye mabanda ya karatasi za lami. Kesi yao ikawa miongoni mwa zile zilizoleta hukumu ya 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni. Kaunti yao, Prince Edward, ilijibu mwaka 1959 kwa kufunga shule zote za umma. Watoto Wazungu wakahamia shule binafsi iliyoundwa kwa ajili yao, na fedha za umma zikasaidia kulipa ada. Watoto Weusi walibaki bila shule ya umma hadi Mahakama ya Juu ilipoingilia kati mwaka 1964. Pesa zilimfuata mtoto, naam. Bawabu ndiye aliyeamua ni mtoto yupi.

Sisemi kila anayetaka vocha ni mbaguzi. Polly Williams, mbunge Mweusi wa jimbo la Wisconsin, alipigania mpango wa Milwaukee wa mwaka 1990 kwa sababu wazazi wa mitaa yake walichoka kuahidiwa. Lakini mpango wake ulikuwa na masharti: uwe wa maskini tu, na shule ikizidiwa na maombi, ichague kwa bahati nasibu. Baadaye wanasiasa walipotaka kuinua kikomo cha kipato ili wenye nacho nao waingie, Williams mwenyewe alipinga.

Sasa twende Louisiana. Jimbo hilo lilipotandaza vocha kote mwaka 2012, lilikataza shule kubagua waombaji kwa alama zao. Sharti zuri. Matokeo yake? Takriban theluthi moja tu ya shule binafsi zilijiunga, nyingi zikiwa zile zilizokuwa zikipoteza wanafunzi. Watafiti walipowalinganisha watoto walioshinda bahati nasibu na walioshindwa, waliotumia vocha walikuwa wameporomoka katika hisabati. Wahenga walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule nzuri, ilipoambiwa isichague, ilikaa nyumbani. Iliyokuja sokoni ni yenye madawati matupu.

Mtu ataniambia Boston. Kweli, shule za chata za mji huo, zinazoendeshwa na bodi huru kwa fedha za umma, zimewapandisha sana watoto maskini. Lakini hizo ni shule za umma: hazitozi ada, hazifanyi usaili, na nafasi zikiwa chache sheria inataka bahati nasibu. Boston ni ushahidi wangu, si wao.

Wala sitetei kila shule ya umma. Nayo ina bawabu wake, na jina lake ni bei ya nyumba. Shule za Marekani hutegemea sana kodi ya majengo, na mwaka 1973, katika kesi ya wazazi wa mtaa maskini wa San Antonio, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba katiba ya nchi haikatazi tofauti ya fedha za shule inayotokana na kodi hiyo. Dhuluma hiyo ndiyo ya kurekebisha. Kumpa mama wa Tucson karatasi ya dola 7,000 hakuigusi.

Wapiga kura wanaelewa kuliko wanavyodhaniwa. Novemba 2024, Kentucky ilimpa Donald Trump ushindi mkubwa, na siku hiyo hiyo kaunti zote 120 zikakataa kubadili katiba ya jimbo ili fedha za umma ziende shule binafsi.

Basi kwa anayeamini kweli katika soko, nina ombi dogo. Kila shule inayopokea dola ya umma ipokee watoto kwa bahati nasibu, bila usaili, bila nyongeza ya ada, pamoja na mtoto mlemavu na yule anayetafuta maneno ya Kiingereza, na itume basi. Kisha tuhesabu ni mabanda mangapi yatabaki wazi sokoni.