Stima ikirudi, msumeno wako utafanya nini?

Wiki hii naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona kwamba sitakwenda mbali. Nataka tuongee kuhusu misumeno ya umeme. Na kabla hujakimbia: sisemi ile pawa so ya mnyororo. Ukitaja pawa so upande wetu huu, kuanzia Elburgon mpaka Molo, mtu atakuangalia kama unayepanga kuingia Msitu wa Mau usiku. Nasema msumeno wa bledi ya mviringo, ule wa kushika mkononi na ule wa meza. Siku hizi hauko kwa seremala peke yake. Uko kwenye gereji ya mhasibu kule Milimani, kwenye stoo ya mwalimu Lanet, kwenye kibanda ambacho zamani kilikuwa cha kuku huko Njoro. Mtu anakaa mbele ya skrini Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi anataka kutengeneza kitu kinachoshikika. Namwelewa kabisa, mimi ni mmoja wao. Unaweza kuandika programu mwaka mzima usiwe na kitu hata kimoja cha kumwonyesha mama yako. Rafu ya vitabu ukiimaliza, anaiona.

Kinachonikera ni namna tunavyojifunza. Fundi wa mjini anafundishwa na fundi mwenzake. Anashika upande wa pili wa mbao miezi na miezi huku akipigiwa kelele. Sisi tunafundishwa na YouTube. Na somo linalopendwa sana huko, kwa mtu asiye na hela za msumeno wa meza, ni hili: nunua msumeno wa mkononi, upindue, ufunge kwa skrubu chini ya kipande cha plaiwudi ili bledi itokeze juu, vuta kinga yake nyuma uifunge, kisha kaza kifyatuo kwa kamba ya plastiki kibaki kimebanwa. Chomeka ukutani. Umepata msumeno wa meza kwa bei ya plaiwudi. Ni ubunifu wa kweli, sikatai. Mtu yeyote aliyewahi kuunganisha mifumo miwili isiyopatana kwa skripti ya usiku wa manane ataupenda.

Lakini wengi wanaotoa masomo hayo wanaishi mahali ambapo stima kupotea ni habari. Hapa kwetu habari ni pale inapopotea kila mahali kwa pamoja, kama ilivyokuwa Agosti 2023, halafu tena Desemba mwaka huo huo. Zile za mtaa mmoja mmoja hatuzihesabu hata sisi wenyewe.

Sasa fuatana nami. Uko katikati ya kukata, stima inapotea. Bledi inapunguza mwendo, inasimama. Unafanya anachofanya kila Mkenya: unachungulia dirishani uone kama jirani anayo. Unashika simu kidogo. Unarudi mezani, unakuta mbao imebana kwenye bledi, unaivuta itoke. Au unapangusa vumbi la mbao kwa kiganja. Kifyatuo bado kimefungwa kwa kamba. Soketi bado imewashwa. Na kule kwenye transfoma, fundi wa Kenya Power anarudisha fyuzi mahali pake, na hakuna kosa lolote analofanya.

Hapa ndipo kazi yangu ya kila siku inaponifanya nikune kichwa. Sisi watu wa seva tunatoka jasho ili kila kitu kijiamshe chenyewe. Stima ikirudi saa nane usiku tunataka mashine iwake, hifadhidata iinuke, huduma zote zisimame kwa mpangilio wake, mteja asijue kulitokea nini. Kwa seva hiyo ni sifa. Kwa kitu chenye meno ni ubovu wa usanifu. Msumeno ukishazimika, kwa sababu yoyote ile, haufai kuwaka tena mpaka binadamu aamue. Na kumbuka kwamba aliyesanifu ule msumeno wa mkononi alikuwa ameshalitatua jambo hili. Kifyatuo kina springi: ukiachilia, unazima. Kamba ya shilingi chache ndiyo inayofuta kazi yake yote.

Dawa yake ipo na ni ya zamani sana. Ni swichi yenye koili ndani. Ukibonyeza kitufe cha kijani, koili inapata umeme, inakuwa sumaku, na sumaku hiyo ndiyo inayoshikilia njia ya umeme isiachane. Stima ikipotea sumaku inakufa, springi inaachanisha. Stima ikirudi, kimya. Mpaka ubonyeze tena. Hakuna chipu, hakuna programu, hakuna sasisho la kila mwezi. Ukiingia posho mill utaona ndugu yake mkubwa ukutani, lile sanduku la vitufe viwili ambalo mafundi huliita stata. Misumeno mizuri ya meza hutoka kiwandani ikiwa na swichi hii. Wako unao? Jaribu hivi: meza ikiwa tupu na wewe ukiwa umesimama mbali na bledi, washa msumeno, uzimie kwenye soketi ya ukutani, ngoja bledi isimame kabisa, kisha washa soketi. Ukinguruma wenyewe, umepata jibu.

Kuna atakayesema, mimi huwa makini. Haya, tupige hesabu. Bledi ya inchi 10 ina kipenyo cha sentimita 25.4. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila jino linakwenda mita 53 kwa sekunde, yaani kama kilomita 190 kwa saa. Matatu inaruhusiwa 80. Bledi hiyo ikiwa na meno 40, inapitisha meno zaidi ya 2,600 kila sekunde. Binadamu anahitaji takriban sehemu ya tano ya sekunde kushtuka na kuanza kuvuta mkono. Katika muda huo meno zaidi ya 500 yameshapita. Kwa hivyo umakini wako ni wa kabla ya ajali. Ajali ikishaanza huna lako.

Wapenda teknolojia najua mnachosubiri nitaje. SawStop! Ni hadithi tamu, na inatuhusu kwa sababu aliyeianzisha alikuwa kama sisi, mtu wa mbao za wikendi. Stephen Gass wa Oregon, Marekani, ni wakili wa hataza mwenye shahada ya udaktari katika fizikia. Mwaka 1999, akiwa kwenye karakana yake, alijiuliza kama msumeno unaweza kujua kwamba umegusa mtu. Ukipitisha ishara ndogo ya umeme kwenye bledi, mbao kavu haiibadilishi sana, lakini mwili wa binadamu unaivuta mara moja. Mtambo ukiona badiliko hilo, springi inasukuma kipande cha alumini kwenye meno na bledi inasimama katika takriban milisekunde 5, huku ikizama chini ya meza. Alijaribu kwa soseji. Kisha akajaribu kwa kidole chake mwenyewe, jambo ambalo sitamshauri mtu hata nikilipwa.

Watengenezaji wakubwa hawakununua wazo lake. Akaanzisha kampuni, akaanza kuuza misumeno mwaka 2004, na akajizungushia ukuta wa hataza. Bosch walipotoa msumeno wao wenye kinga ya namna hiyo, SawStop waliwapeleka kwenye tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani, na mwaka 2017 msumeno huo ukazuiwa kuingizwa nchini humo. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, inayokadiria majeruhi wa bledi za misumeno ya meza kuwa takriban 30,000 kila mwaka, ilipendekeza mwaka 2017 kila msumeno wa meza uwe na kinga hiyo, ikarudia pendekezo mwaka 2023, na mpaka naandika haya halijawa sheria. Mwaka 2024 SawStop walisema wangeiachia umma hataza yao moja muhimu, kwa sharti kwamba sheria ianze kutumika. Watu wa programu huria wataona ucheshi wa sharti hilo. Kufungua mlango siku ambayo kila mtu atalazimishwa kupita kwako si ukarimu ninaoujua mimi.

Lakini tuseme kesho mtu akuletee mashine hiyo bure, Nakuru. Ungekata nayo mbao gani? Tangu marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali ya Februari 2018, wengi tulizoea mbao za mashambani, na hata baada ya Rais Ruto kutangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba marufuku imeondolewa, mazoea hayo hayajaisha. Saiprasi, grevilea na mkaratusi hupasuliwa wiki hii na kuuzwa wiki ijayo. Ukiupiga msumari unatoa maji. Na mbao mbichi hupitisha umeme, kwa hivyo kihisi kinaweza kuidhania ni mkono. Breki ikifyatuka bure umepoteza bledi na katriji ya breki ya karibu dola 100. Ndiyo maana SawStop yenyewe ina njia ya kuzima kihisi kwa muda unapokata mbao zenye maji. Yaani hapa kwetu tungekuwa tunakizima siku ile ile tunayokihitaji.

Tena mbao mbichi ina ubaya mwingine ambao kihisi hakiuoni. Inapopasuliwa, nyuzi zake zinajikunja, pande mbili zinarudiana nyuma ya bledi na kuibana. Meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu; yakiishika mbao yanainyanyua na kukurushia kifuani, na mkono uliokuwa unaisukuma unabaki bila kitu cha kusukuma, ukielekea mbele. Wengi wanaoumia hawakupeleka mkono kwenye bledi. Mkono ulipelekwa. Kinga ya hilo ni kibamba cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kikipanda na kushuka nayo, kuzuia mbao isijifunge. Kinakuja kwenye boksi, ndani ya bei uliyolipa. Na ndicho kitu cha kwanza kuwekwa kwenye droo pamoja na kinga ya juu, kwa sababu kwenye video mwalimu amekitoa “ili muone vizuri”. Ukitaka nikuheshimu kama fundi, nionyeshe kibamba kikiwa mahali pake na kijiti cha kusukumia mbao kikiwa na alama za meno.

Kuhusu wale wanaofunga bledi ya mbao kwenye grainda: acheni. Grainda ya diski ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, haina kibamba wala kinga ya kazi hiyo, na bledi nyingi za misumeno hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Sina la kuongeza hapo.

Seremala aliyeajiriwa ana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, angalau kwenye karatasi. Mkaguzi anaweza kubisha hodi kwenye karakana. Kwenye gereji yako hatabisha mtu. Mwenye karakana ni wewe, mkaguzi ni wewe, na mwenye vidole ni wewe. Januari 2018 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliunganisha tena mkono wa kijana wa miaka 17 uliokatwa na mashine shambani, baada ya saa nyingi za upasuaji, na nchi nzima ikashangilia kwa haki. Ilikuwa habari kwa sababu ni jambo la nadra. Kutoka hapa mpaka meza ile ya upasuaji ni kilomita kama 160. Mimi nalipwa kwa kubonyeza herufi, na nahesabu vidole kumi kama vifaa vya kazi ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Ningependa kuona hadiwea zetu zikitundika swichi hizo ukutani pembeni ya misumeno, kama zinavyotundika plagi. Mpaka hapo, ukienda kuuliza dukani, jua unachouliza. Msumeno wa wati 1,500 kwenye volti 240 hula takriban ampea 6 ukiwa umeshaanza, lakini mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo, kwa hivyo chukua ya ampea 16. Mwambie fundi wa umeme unataka ile isiyowaka yenyewe stima ikirudi, atakuelewa. Ifunge upande wa mbele wa meza, chini kidogo, kitufe chekundu kiwe mahali ambapo unaweza kukisukuma kwa goti mikono yote miwili ikiwa imeshika mbao. Na ile kamba kwenye kifyatuo, ikate leo.