Marekani: Mashine ya risasi unayo, fataki huna!

Leo tutoke Bongo kidogo. Kule Marekani mtu kujaza upya maganda ya risasi za bunduki yake nyumbani ni ruksa, leseni ya serikali kuu haitakiwi mpaka aanze kuuza. Anayeanza huambiwa anunue presi ya hatua moja: ukivuta mpini inafanyika kazi moja tu, kosa unaliona. Halafu mizani ya baruti. Hapo usibane hela, baruti ikizidi bunduki inakupasukia usoni!

Sasa 2020 ikaja korona, uchaguzi, maandamano. Maombi ya ukaguzi wa wanunuzi wa silaha kwa FBI yakakaribia milioni 40. Risasi madukani kwisha, watu wakakimbilia presi. Kumbe fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, nazo hakuna, na zile ni kazi ya kiwandani. Mwaka huohuo Remington ikafilisika, risasi zake zikaenda Vista Outdoor, ambao tayari walikuwa na CCI na Federal. Mwishoni mwa 2024 zote tatu zikauzwa kwa Czechoslovak Group ya kule Ucheki.

Eti kujitegemea! Mimi ningetafuta fataki kwanza, presi baadaye. Mnasemaje wadau?