Vali Mpya Si Mwisho wa Matibabu

Upasuaji wa kufungua moyo ulipoanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2008, na zaidi baada ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanza kazi mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangalipelekwa India walianza kutibiwa nyumbani. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo fahari hiyo isizae dhana potofu kwamba kisu cha mpasuaji humaliza kila kitu. Ugonjwa unaoikanusha dhana hiyo waziwazi ni ule wa vali za moyo kushambuliwa na vijidudu.

Moyo una vali 4, ambazo hufunguka ili kupitisha damu na kujifunga ili isirudi nyuma. Vali nzima haishikwi na vijidudu kwa urahisi. Ile iliyokwisha kuwa na kovu, mathalani kwa sababu ya homa ya baridi yabisi iliyompata mtu utotoni baada ya kuugua koo, ndiyo iliyo hatarini zaidi. Vijidudu vinavyoingia katika damu kutoka katika jino bovu, jipu au sindano chafu hujishikiza hapo, vikafanya vinundu na kuitafuna vali. Kinundu kikimeguka, kipande chake huchukuliwa na damu hadi kwenye figo, wengu, au hata ubongo, na hapo ndipo kiharusi hutokea.

Kabla ya kupatikana kwa penisilini, karibu kila aliyepatwa na ugonjwa huu alikufa. Siku hizi dawa za kuua vijidudu, ambazo kwa kawaida hutiwa mshipani kwa wiki 4 hadi 6, huokoa wengi. Lakini vali ikiharibika hata moyo ukashindwa kusukuma damu, jipu likitunga kando yake, au homa ikikataa kushuka ingawa dawa ni sahihi, sharti mgonjwa apasuliwe. Zamani ilidhaniwa kuwa ni hatari mno kuweka vali ya bandia mahali penye vijidudu hai. Mwaka 1965 Andrew Wallace na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza habari za mgonjwa waliyemfanyia hivyo, naye akapona. Tangu hapo imedhihirika kwamba kungoja dawa zimalizike wakati moyo unashindwa kazi ni kumngojea mgonjwa afe.

Pamoja na hayo, upasuaji wenyewe una madhara yake. Mgonjwa huweza kutokwa na damu nyingi, figo zikagoma, au akapata kiharusi. Jipu lililo karibu na njia inayoongoza mapigo ya moyo huweza kuikata njia hiyo, na mgonjwa akahitaji kuwekewa betri ya moyo. Na vali mpya nayo huweza kushambuliwa na vijidudu, pengine vikali kuliko vile vya kwanza.

Hata anayerudi nyumbani salama hubaki na deni. Aliyewekewa vali ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, maisha yake yote, na damu yake sharti ipimwe mara kwa mara. Dawa ikipungua, damu huganda juu ya vali; ikizidi, mtu hutokwa na damu. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vali iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama humwepusha mtu na mzigo huo, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi.

Wapo wasemao kwamba fedha zinazotumiwa kwa wachache wanaopasuliwa zingefaa kununulia dawa za wengi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inayatenganisha mambo yasiyotengana. Mgonjwa aliyepasuliwa kwa gharama kubwa, kisha akakosa kipimo cha damu katika wilaya yake, hupotea pamoja na gharama hiyo. Na asiyepata penisilini utotoni ndiye huletwa Dar es Salaam akiwa mtu mzima, moyo umekwisha kuchoka.

Kwa hiyo kazi hii si ya wapasuaji peke yao. Mwalimu anayemwona mtoto mwenye homa na maumivu ya koo, au viungo vinavyovimba kimoja baada ya kingine, asimwache akae darasani. Ampeleke kwenye zahanati. Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na shule isimhesabu mtoro kwa siku hiyo. Mganga anayekutana na homa ya muda mrefu kwa mtu mwenye ugonjwa wa vali achukue damu ya kupimwa vijidudu kabla ya kutoa dawa, maana dawa iliyotangulia huvificha vijidudu hivyo. Ofisa wa wilaya ahakikishe kuwa warfarini na kipimo chake havikosekani. Mkuu wa kazi amruhusu mtumishi wake kwenda kliniki bila manung'uniko. Naye mwenye vali ya bandia amwarifu daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, apewe dawa ya kinga.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu ukuta wenyewe, hata ukijengwa na fundi hodari, huhitaji kulindwa kila siku. Mlinzi huyo hakai katika chumba cha upasuaji. Yumo shuleni, zahanatini na ofisini.